Dirisha Refu la Kidato cha Pili A

Tarehe 3, mwezi wa pili

Kwa Mwalimu Mshauri,

Salamu sana, mwanangu. Mimi ndiye yule mzee wa kofia ya kahawia niliyekufuata mpaka mlangoni kwako siku ya mkutano wa wazazi, ukaniambia, "Babu, maombi yote kwa maandishi." Haya. Maandishi ndiyo haya. Ulidhani nitashindwa? Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha wazee, na baada ya miezi mitano mwalimu wetu alikuwa akinikwepa kwa maswali yangu.

Ombi langu ni moja na ni fupi. Mjukuu wangu, jina lake mnalo kwenye daftari, nyumbani tunamwita Kasuku kwa sababu ya mdomo, ahamishwe kutoka Kidato cha Pili A aende Pili B. Ahamishwe wiki hii. Ikiwezekana leo.

Sababu ni macho. Haoni ubao wa Pili A. Ubao ule unameta.

Wewe ni mgeni hapa, kwa hiyo hujui unaandikiwa na nani. Jengo la Pili A, lenye dirisha refu, nimelijenga mimi. Mikono hii. Miaka ishirini na sita iliyopita. Uliza mtu yeyote Fundi Timazi ni nani, na kama hamjui, basi huyo kahamia jana. Jengo la Pili B lililo mkabala alijenga marehemu Kobe, na jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na kazi yake. Nilimaliza siku kumi na moja kabla yake! Mgeni rasmi alinishika mkono mbele ya umati, Kobe akiwa bado juu ya jukwaa la kujengea na ndoo. Kuta zangu, hata kiama kikija, kitabisha hodi kwanza.

Mimi ndiye ninayemlea huyu mtoto. Mama yake yuko mbali kikazi, na baba yake tusimtaje. Kwa hiyo ukitaka kumjibu mzazi, nijibu mimi.

Jambo jingine dogo. Siku ya mkutano niliona mmepandisha tangi la maji juu ya ukuta wa dirisha refu. Jeusi, kubwa kama banda la kuku la tajiri. Nani aliwaambia mliweke pale? Nauliza tu.

Ni mimi,
Fundi Timazi
Mwashi Mkuu (mstaafu kwa hiari yake)


Tarehe 6, mwezi wa pili

Mzee wangu,

Shikamoo. Mjukuu wako amenifikishia barua yako, bahasha imegandishwa kwa gundi nyingi kiasi kwamba nilihitaji mkasi. Hongera kwa mwandiko. Nina vijana wa kidato cha nne ambao ningependa wauone.

Kuhusu ombi lako, orodha za madarasa zilifungwa mwezi uliopita. Pili A wako hamsini na wawili na Pili B hamsini na wanne, kwa hiyo siwezi kuongeza mtu huko bila sababu nzito nitakayoitetea mbele ya Mkuu wa Shule. Nilimwita Kasuku nikamsimamisha nyuma kabisa ya darasa asome ubao. Akausoma. Halafu, bila kuulizwa, akanisomea na maandishi yaliyo kwenye fulana ya mlinzi aliyekuwa getini. Macho yake ni mazima kuliko yangu, mzee wangu.

Yeye mwenyewe hataki kuhama. Anakaa chini kabisa ya lile dirisha refu, na anasema hakuna mahali pazuri kama pale shule nzima, kuna mwanga na kuna rafiki yake. Tena huwaambia wenzake kwamba babu yake ndiye aliyelijenga. Sijawahi kuona mtoto anayejivunia ukuta namna ile.

Tangi ni msaada wa wafadhili. Watoto wamekuwa wakibeba ndoo kwenda vyooni kwa miaka. Kwa sasa liko tupu, bomba likiunganishwa litajazwa, na uzinduzi ni mwezi ujao.

Je, kuna jambo nyumbani? Kazi yangu ni kusikiliza.

Wako,
Mwalimu Mshauri wa Wanafunzi


Tarehe 7, mwezi wa pili

Mwalimu,

Chini ya dirisha refu! Mbona hukuanza na hilo? Mtoe pale. Kabla hujafika mwisho wa barua hii, simama uende ukamtoe. Mweke nyuma, mweke pembeni, mweke hata ofisini kwako chini ya meza, halafu urudi tuendelee.

Macho tuyaache. Nilikosea. Sababu ya kweli ni upepo. Dirisha lile linaingiza upepo, na mtoto ana kifua. Usiku anakohoa mpaka jirani anauliza.

Kama kifua hakitoshi, kuna marafiki. Huyo rafiki yake wa dawati anamharibu. Mtoto siku hizi anarudi nyumbani akijibu watu wazima. Juzi nilimwambia ukuta wa jirani umepinda, akaniambia, "Babu, labda ni wewe umeinama." Hayo kayatoa wapi?

Na kama sababu tatu hazitoshi, niambie zinatakiwa ngapi, nitaleta. Ila apelekwe Pili B. Jengo lile ni zuri. Kobe alikuwa mzito lakini alikuwa mtu wa kusubiri vifaa vyake. Mpeleke Pili B, nakuomba. Pili B.

Hilo tangi msilijaze mpaka mtu anayejua kazi alitazame. Maji ni mazito, mwanangu. Watu huyaona yanapita kwenye vidole wakadhani ni mepesi. Lita elfu tano ni tani tano.

Jambo nyumbani hakuna. Kwangu hakujawahi kuwa na jambo.

Fundi Timazi
Mwashi Mkuu


Tarehe 12, mwezi wa pili

Mzee wangu,

Shikamoo. Nakiri nimeisoma barua yako mara tatu. Katika ile ya kwanza ulimcheka aliyejenga Pili B kuwa ni kobe. Katika hii unanisihi nimpeleke mtoto humo humo. Kikohozi sijakisikia, na rafiki yake wa dawati ni msichana ambaye kosa lake kubwa ni kusinzia kipindi cha jiografia. Lakini nimefanya kazi hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba mzazi anapobadilisha sababu mara tatu, bado kuna ya nne. Sitakulazimisha uniambie.

Nina habari njema. Rafiki huyo ni pacha. Mwenzake aliwekwa Pili B, na tangu shule ifunguliwe amekuwa akija ofisini kwangu kulia kwamba hawajawahi kutenganishwa. Kwa hiyo Kasuku anatoka, pacha anaingia, na hesabu ya madarasa haibadiliki. Mkuu amekubali kwa sababu hakuna anachotakiwa kufanya. Fomu iko ndani ya bahasha, saini panapo alama ya msalaba.

Nimewabadilisha leo asubuhi. Pacha amekalia nafasi ya Kasuku, na sasa wako wawili bega kwa bega chini ya dirisha, huwezi kujua yupi ni yupi. Kasuku alikusanya vitabu vyake bila neno hata moja, jambo ambalo kwa mtoto yule ni sawa na kupiga kelele. Zungumza naye.

Wako,
Mwalimu Mshauri


Tarehe 13, mwezi wa pili

Mwalimu Mshauri, mwanangu mwenyewe,

Nimesaini. Tena nimesaini jina lote, siyo kidole.

Nilijua utaweza. Nilipokuona mlangoni nilisema, huyu ana kichwa. Mimi mtu simkosei, kama nisivyokosea ukuta. Jana nimekula nikashiba.

Hao mapacha ni wa nani sikuuliza. Mtu mzima haulizi kila kitu.

Kasuku amenuna. Atanuna na kununa, kisha atasahau.

Fundi Timazi
Mwashi Mkuu, asiye na deni la fadhila


Tarehe 21, mwezi wa pili

Mwalimu,

Barua hii nimeigandisha mara mbili. Isome ukiwa peke yako, umekaa.

Juzi alikuja mama wa mapacha. Ni yule anayeshona sare za shule karibu na kinu cha kusaga. Sikujua kama ni wanawe. Alikuja na shati. Alikuwa amenipima mabega kwa macho nikipita barabarani, akakata kitambaa, akashona bila kuniuliza. Akasema, "Babu, Mungu akuweke. Wanangu walikuwa hawali vizuri, sasa wanarudi nyumbani wanaimba. Nimeambiwa ni wewe uliyeomba." Nikasema karibu kiti. Akasema hapana, ana kazi kwenye cherehani. Akaniamkia tena, akaondoka. Shati limenikaa sawasawa. Nimelivua.

Sasa sikiliza, nami nitaandika polepole, maana hili sijawahi kulisema kwa mdomo, sembuse kwa kalamu.

Juu ya dirisha refu kuna lenta. Ni mhimili wa zege unaolala juu ya uwazi wa dirisha na kubeba ukuta wote ulio juu yake. Zege peke yake halijui kunyooka, ukilikalia katikati linavunjika kama biskuti. Kinachoshika ni nondo, vile vyuma vya ndani. Dirisha ni futi kumi na nne. Nondo zilitakiwa futi kumi na sita, nzima nzima, nne.

Wiki ile nondo ziliisha. Gari la vifaa likachelewa. Kobe akaweka mwiko chini, akakaa kivulini na watu wake, akasema mimi nasubiri. Siku nne alikaa. Nami nikaona hapa ndipo pa kumwacha. Nilikuwa na vipande vya futi nane nane, nane na nane ni kumi na sita, hata mtoto anaona hesabu imetimia. Lakini fundi haungi nondo hivyo. Nondo mbili lazima zipitane, zilaliane futi mbili au zaidi, zifungwe kwa waya, ndipo zibebane. Mimi zangu hazikupitana. Nilizilaza zikakutana pua kwa pua, tena katikati kabisa ya dirisha, mahali pabaya kuliko pote. Nikamwaga zege juu. Kibarua wangu mmoja aliniambia, "Fundi, hapa tusubiri." Nikamwambia fundi ni nani hapa?

Siku ya kufungua shule Kobe alinijia kati ya makofi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, nondo ulizipata wapi?" Nikamcheka mbele ya watu. Nikasema kobe anauliza mbio zinakimbiwaje. Watu wakaangua kicheko. Hakuuliza tena mpaka anakufa. Tulizeeka mtaa mmoja, tukizikiana ndugu, na hakuuliza tena.

Bati ni jepesi, kwa hiyo lenta imevumilia. Tangi si bati. Siku ya mkutano nilikaa chini ya dirisha lile nikaona ufa katikati ya lenta. Unaanzia chini unapanda. Nilipanda dawati, nikaingiza ukucha. Ufa wa lipu hauingizi ukucha. Na tangi lilikuwa bado tupu!

Hiyo ndiyo sababu ya nne.

Mpe Mkuu barua hii. Asijaze tangi. Watoto watoke chumba kile. Kama hamna chumba, basi zibeni dirisha kwa tofali, ukuta ubebe ukuta. Nitaziba mwenyewe kwa siku mbili. Tofali nitaleta mimi. Giza halijaua mtoto.

Kasuku asijue, nakuomba. Ananiona mtu mkubwa.

Timazi


Tarehe 28, mwezi wa pili

Mzee wangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilitaka nikuandikie nikiwa na jambo la maana mkononi.

Barua yako niliipeleka kwa Mkuu siku ile ile. Alichukua simu, na jana amekuja mkaguzi wa majengo. Sikuruhusiwa kuzungumza, niliruhusiwa kusimama. Mkaguzi alitazama lenta kutoka chini, akaigonga kwa mpini wa nyundo mara tatu, akaandika kwamba ufa ni wa lipu na kwamba jengo lililosimama miaka ishirini na sita limejithibitisha. Mafundi wa bomba walimaliza mapema, na tangi limekuwa na maji nusu tangu Jumatatu. "Mnaona?" akasema. "Limesimama."

Nikasema aliyejenga mwenyewe anasema halijasimama sawasawa. Hapo Mkuu akafungua faili. Zimo barua zako zote, mzee wangu, kwa sababu kila ombi la kuhamisha mwanafunzi huwekwa kwenye faili. Akamsomea mkaguzi kwa sauti. Ya kwanza, macho, na kiama kubisha hodi. Ya pili, upepo, kifua, marafiki, na "niambie zinatakiwa ngapi, nitaleta." Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Akasema, "Hii ya nondo ni sababu ya tano au ya sita?"

Kuziba dirisha wamekataa. Mgeni rasmi atapigwa picha mbele yake. Vyumba vingine havipo, nimehesabu hata stoo.

Mimi nakuamini. Nilitaka ulijue hilo. Lakini kuamini kwangu hakuna muhuri. Nilipoendelea, Mkuu aliniuliza kama nimechoka na kituo changu cha kazi, nami nina watoto wawili. Nakwambia ili usinidhanie jasiri kuliko nilivyo.

Angalau Kasuku yuko Pili B. Najua hilo siyo jibu.

Wako,
Mwalimu Mshauri


Tarehe 9, mwezi wa tatu

KUHUSU: UHARIBIFU WA MALI YA SHULE

Ndugu,

Jumamosi, tarehe 7 mwezi huu, saa nne asubuhi, mlinzi wa shule alikukuta juu ya ngazi ndani ya chumba cha Kidato cha Pili A ukiwa na nyundo na tindo, ukitoboa sehemu ya katikati ya lenta ya dirisha. Ulipoagizwa kushuka ulimjibu mlinzi kwamba yeye hajui kitu na kwamba umebakiza kidogo. Iliwalazimu watu wawili kukushusha.

Kwa kuzingatia umri wako, uongozi umeamua kutolifikisha suala hili polisi. Hata hivyo:

Shimo ulilotoboa limezibwa na kupakwa rangi. Dosari yoyote itakayojitokeza katika sehemu hiyo kuanzia sasa itahesabiwa kuwa imetokana na kitendo chako.

Huruhusiwi kuingia katika eneo la shule kwa sababu yoyote, ikiwemo mikutano ya wazazi.

Wafanyakazi wa shule wameagizwa kutopokea barua zako kuhusu jengo hilo.

Mkuu wa Shule


Tarehe 11, mwezi wa tatu

Babu,

Shikamoo. Naandika kwa sababu nikisema utanikatiza.

Ile barua uliyoigandisha mara mbili niliifungua. Sijawahi kufungua barua zako, lakini siku ile ulinipa bahasha ukageuza uso, nikadhani unaumwa na hutaki nijue. Niliisoma njiani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nikaibandika tena. Mwalimu hakujua.

Nilidhani umenihamisha kwa sababu ya rafiki yangu wa dawati, nikakuchukia kidogo. Halafu nikajua, na nikatamani ningebaki kukuchukia kwa hilo.

Tangu siku ile nimekaa Pili B, chini ya lenta ya Babu Kobe. Kutoka dawati langu naona ng'ambo, dirisha refu, na vichwa viwili vinavyofanana. Mwalimu akigeuka ubaoni mimi naangalia vichwa. Nimepata sifuri kwenye jaribio la hesabu, na sijali.

Nimewaambia wakae nyuma. Wakacheka, wakasema dirishani kuna mwanga. Nikamwambia mama yao. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Babu yako amezeeka, mwanangu. Mvumilieni." Aliuliza kama shati limekutosha. Nikasema ndiyo.

Nilizoea kuwaambia watu babu yangu ndiye aliyejenga pale. Walikuwa wamechoka kunisikia. Sasa wananiuliza kama ni kweli ulishushwa ngazini na watu wawili.

Leo nimechukua begi langu nimerudi Pili A. Tumebanana watatu kwenye dawati la wawili, mimi nipo katikati. Mwalimu Mshauri alikuja mlangoni akaniona. Nilidhani atanitoa. Akafunga mlango polepole, akaenda.

Usimwombe anihamishe tena. Ukiomba, sitahama. Nimechukua kichwa chako kigumu, kila mtu anasema.

Chakula kiko kwenye sufuria. Kula.

Kasuku


Tarehe 24, mwezi wa tatu

Mwanangu Mwalimu,

Najua mmekatazwa kupokea barua zangu. Hii ataileta mshona viatu aliye ng'ambo ya geti lenu, atakuambia ni ya kiatu chako. Ichome ukimaliza.

Kumhamisha mtoto siombi tena. Nilipiga magoti, mimi, kwenye sakafu niliyoisakafia mwenyewe, akanishika mabega akaninyanyua, akasema, "Babu, utaumia magoti." Hajanuna. Ananipakulia, ananiamkia asubuhi na jioni, kisha anachukua begi. Kasuku haongei tena nyumba hii. Nimemwambia aniseme, anitukane hata kidogo. Anachukua sahani yangu, anaenda kuiosha.

Mama wa mapacha nilimfuata kwenye cherehani yake. Nilimweleza kama nilivyokueleza, nondo kwa nondo. Alinipa kiti na maji ya kunywa. Akawatuma majirani wamwite mtu wa kunisindikiza nyumbani.

Ile Jumamosi nilibakiza kama inchi moja. Ningefika kwenye nondo, wangeona kwa macho yao pengo katikati. Lakini zege lilikuwa gumu, tindo inaruka. Na nikuambie kitu, mwanangu. Pale juu ya ngazi, mkono unauma, nilifurahi kidogo kwamba zege langu ni gumu. Ndiye mtu unayemsaidia huyo.

Jana mmezindua. Makofi niliyasikia. Tangi limejaa, kwani asubuhi hii bomba la kumwagia maji yaliyozidi linavuja ukutani, na bomba la kumwagia halivuji mpaka tangi lijae. Mvua nazo zimekaribia.

Sasa nakuomba jambo moja tu, na hili halihitaji fomu. Wafundishe.

Lenta haianguki kimya. Inasema kwanza. Kwanza unga. Utaona vumbi jeupe linashuka kwenye daftari, kidogo, kama mtu kapukuta mikono yake juu. Wasilipulize wakaendelea kuandika. Halafu mlio mmoja, mkavu, siyo mkubwa, kama mtu kavunja kijiti ndani ya mto wa kulalia. Baada ya huo kuna nafasi. Sijui kubwa kiasi gani. Niliwahi kuona kwa wengine, mtu alimaliza kusema "nini hicho" na hakuanza neno jingine.

Wasikimbilie mlangoni. Mlango uko upande wa dirisha, na watoto wote hukimbilia mlangoni. Waende ukuta wa nyuma, ule wenye ramani. Ule nilijenga vizuri. Nakuapia, ule nilijenga vizuri. Mwambie yule wa katikati asisimame kuwavuta wenzake. Najua atasimama. Mwambie hivyo hivyo.

Mimi niko ng'ambo ya barabara. Getini siingii, sheria naifuata. Mshona viatu amenipa gogo la kukalia, nakaa tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, shughuli nyingine sina. Kutoka hapa mpaka dirishani ni hatua sitini. Zamani ningezikimbia. Sikio langu la kulia bado ni zima, na mlio ule naujua kuliko mtu yeyote aliye hai mji huu. Nikiusikia nitapiga kelele, na sauti bado ninayo.

Ila kuna tatizo. Saa tatu mnawaimbisha hesabu. Saa tano wanasoma Kiswahili kwa pamoja, sauti juu, darasa zima. Kwako ni jambo zuri, najua, watoto wamechangamka. Lakini hapo mimi sisikii kitu. Dakika arobaini nzima nimekaa hapa kama kiziwi, naangalia dirisha tu.

Waambie walimu wenzako, bila kutaja jina langu. Watafute sababu yoyote. Wawaambie watoto wa Pili A wasome kimya kimya.

Babu yake